Jeni Si Jini: Darasa juu ya Uboho wa Kupewa na Tiba ya Madhara Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Katika darasa yetu ya wiki iliyopita, baba mmoja alisimama baada ya sala ya Isha akatuuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu pale pale. Mwanawe wa kiume ana saratani ya damu. Ametibiwa kwa madawa makali, ugonjwa ukaondoka, kisha ukarudi. Madaktari wamemwambia kuwa njia iliyobaki ni kumtia mtoto uboho wa mtu mwingine, na katika ndugu zake wote aliyepatikana kulingana naye ni dada yake mkubwa, mwanamke aliyeolewa. Dada mwenyewe amekubali. Lakini mumewe hataki, na wazee wa pande zote mbili wamegawanyika. Huyu asema nasaba itachanganyika, huyu asema dada atakuwa tasa, na yule asema huku ni kubadili umbile la Mungu. Na walipoambiwa kwamba yako pia matibabu ya jeni, yaliyobuniwa kuzuia madhara yanayofuata baada ya uboho kutiwa, bibi mmoja akainua sauti: "Ala! Sasa mwataka kumtia mtoto jini?"

Watu walicheka. Baba hakucheka, kwani siku za mwanawe zahesabika. Basi tuliomba muhula wa wiki moja, tukawauliza wajuzi wa tiba, tukafungua na vitabu vya dini, na haya ndiyo tuliyoyapata. Twaomba msomaji asome mpaka mwisho kabla ya kuhukumu, kwani nusu ya elimu katika mambo ya ugonjwa huua upesi kuliko ujinga mtupu.

UBOHO NI NINI, NA HUHAMISHWAJE

Kila aliyewahi kunywa supu ya mifupa aujua uboho. Ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mfupa. Watu wengi hudhani ni mafuta tu. Hakika yake ni kiwanda cha damu. Katika mifupa ya nyonga, ya kifua na ya uti wa mgongo mna chembe mama, na kutokana na chembe hizo huzaliwa chembe nyekundu zibebazo hewa, chembe sahani zizibazo jeraha, na chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili. Katika askari hao mna kundi moja liitwalo chembe T. Kazi yao ni kumtambua aliye wa nyumbani na asiye wa nyumbani, na kumwua mgeni. Tafadhali likumbuke kundi hili, maana habari yetu yote yawazunguka wao.

Mtu apatwapo na saratani ya damu, kiwanda hiki huharibika. Hutoa askari wasiokomaa, wasiojua kazi, nao huongezeka mpaka wakawanyima wazima nafasi. Madawa makali huweza kuwaua, lakini yakizidishwa kiasi cha kuwamaliza wote, huua na kiwanda chenyewe. Hapo ndipo watabibu walipofikiri: tuking'oe kiwanda kibovu, kisha tupande kingine kutoka kwa mtu mzima wa afya.

Fikira hii si ya jana. Mwaka 1957 tabibu wa Marekani, E. Donnall Thomas, aliandika habari za wagonjwa sita wa kwanza aliowatia uboho wa watu wengine, na katika hao hakuna aliyeishi muda mrefu. Mwaka 1958 tabibu Georges Mathé wa Paris aliwatia uboho wanasayansi wa Yugoslavia waliochomwa na miale katika ajali ya Vinča. Mwaka huo huo Mfaransa mwingine, Jean Dausset, aligundua alama ya kwanza katika zile alama ambazo kila chembe ya mwili huzivaa kama kitambulisho, na ambazo kwazo askari humjua mgeni. Kutokana na ugunduzi huo watu walijifunza kumtafuta mtoaji ambaye alama zake zinalingana na za mgonjwa. Thomas hakukata tamaa, naye mwaka 1990 akapewa tuzo ya Nobel, akishirikiana na Joseph Murray wa kuhamisha figo.

Alama hizi mtoto huzirithi nusu kwa babake na nusu kwa mamake. Kwa hivyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huwa na nafasi moja katika nne ya kulingana kabisa. Asiyepata kwa nduguye hutafutiwa katika madaftari ya watoaji wa hiari. Huko nako mtu mweusi ana taabu zaidi: katika daftari kubwa la Marekani, mgonjwa mweupe ana nafasi ya kama 79 katika 100 ya kupata mtoaji aliyelingana naye barabara, na mgonjwa mweusi kama 29 tu. Sababu yake kubwa ni kwamba watu wa asili ya Afrika walioandikishwa ni wachache, na alama zao ni za aina nyingi mno. Basi baba aliyepata mtoaji ndani ya nyumba yake amepata neema kubwa, na haifai neema hiyo ipotee kwa maneno ya barazani.

Na mtoaji hufanyiwa nini? Moja katika mambo mawili. Ama hulazwa usingizi wa dawa, uboho ukavutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga. Au huchomwa sindano kwa siku chache ili chembe mama zitoke mifupani ziingie katika damu, kisha damu yake hupitishwa katika mashine inayozichuja na kumrudishia iliyobaki. Atapata maumivu ya mifupa na uchovu kwa siku kadhaa. Uboho aliotoa hurudi wenyewe katika muda wa wiki chache, kama ukucha uliokatwa. Kizazi chake hakiguswi. Mwanamke mwenye mimba ndiye asiyetoa, na daktari atampima kwanza. Basi maneno ya kwamba dada atakuwa tasa hayana msingi.

MGENI AMPIGAPO MWENYEJI

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika tiba hii uboho ndio mgeni, na mwili wa mgonjwa ndio mwenyeji. Mara nyingi mgeni huja na baraka yake, mwenyeji akapona. Lakini kumbuka kuwa mgeni huyu haji peke yake, bali huja na askari wake, zile chembe T. Askari hao waingiapo katika mwili mgeni hutazama huku na huku, wakaona alama wasizozizoea, wakasema: hawa ni adui. Wakaanza kumpiga mwenye nyumba.

Hayo ndiyo madhara makubwa ya kutiwa uboho. Mwaka 1966 mwanachuoni Rupert Billingham alieleza kwamba hayatokei ila yakikutana mambo matatu: uboho uwe na askari wawezao kupigana, mgonjwa awe na alama asizo nazo mtoaji, na mgonjwa awe dhaifu hata asiweze kuwafukuza wageni hao. Mapigo yao huanzia katika ngozi ikafanya upele na kuambuka, katika ini likaleta umanjano wa macho, na katika matumbo yakaleta kuhara kusikokoma. Mengine huja baadaye na kukaa miaka: macho makavu, kinywa kikavu, ngozi ngumu, kifua kubana. Hata ndugu aliyelingana kabisa uboho wake huweza kuleta haya, kwani ziko alama nyingine ndogo ndogo zisizopimwa. Wako wanaokufa kwayo hali saratani yenyewe imekwisha.

Dawa za kawaida ni zile za kuwalegeza askari wote kwa jumla. Zafaa, lakini mwili uliolegezwa askari wake ni mji usio na walinzi, na ugonjwa mdogo wa kifua huweza kumwua mgonjwa. Basi watabibu wakasema: tuuchuje uboho, tuwatoe askari wote kabla ya kumtia mgonjwa. Wakafanya hivyo, na mapigo yakapungua sana. Lakini likazuka jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Saratani ikawarudia wagonjwa kwa wingi kuliko mwanzo, na maradhi ya kuambukiza yakawavamia.

Kumbe wale askari waliompiga mwenyeji ndio hao hao waliokuwa wakiyasaka mabaki ya saratani na kuyaua! Mwaka 1990 tabibu Hans-Jochem Kolb na wenzake wa München walieleza habari za wagonjwa ambao saratani yao ya damu ilirudi baada ya kutiwa uboho. Waliwatia tena chembe nyeupe za mtoaji yule yule, na ugonjwa ukarudi nyuma. Hapo ikawa wazi kwamba ukiwatoa askari, mgonjwa hufa kwa saratani, na ukiwaacha huenda akafa kwa mapigo yao. Hii ndiyo kufuli, na tiba ya jeni ilikuja kuwa moja katika funguo zilizojaribiwa.

JENI NI MWANDIKO

Twarudi kwa bibi yetu, Mungu amhifadhi. Jeni si jini. Majini ni viumbe wa Mwenyezi Mungu waliotajwa katika Kitabu chake, nasi twawaamini kama tulivyofundishwa. Jeni ni jambo jingine kabisa. Katika kila chembe ya mwili mna mwandiko mrefu uliokunjwa, wenye amri za kuujenga na kuuendesha mwili. Kila amri moja katika mwandiko huo ndiyo jeni. Rangi ya macho ni jeni, aina ya damu ni jeni, na ugonjwa wa selimundu ni herufi moja iliyokosewa katika jeni moja. Tiba ya jeni ni kuiongeza au kuisahihisha amri katika chembe fulani za mgonjwa. Hapana ubani, hapana ngoma, wala hapana wa kupunga.

Sasa tazameni hila nzuri waliyoibuni. Walisema: hatuwezi kuwafukuza askari, wala hatuwezi kuwaacha huru. Tuwatie lijamu kama mtu amtiavyo farasi mkali, ili wakifanya kazi njema tuwaache waende, na wakigeuka kumpiga mwenyeji tuvute.

Mwaka 1997, katika mji wa Milano huko Italia, tabibu Claudio Bordignon na Chiara Bonini pamoja na wenzao walitoa habari za wagonjwa wanane waliokwisha kutiwa uboho uliochujwa, kisha ugonjwa ukawarudia au wakapata uvimbe wa saratani uletwao na virusi. Walichukua chembe nyeupe za watoaji, wakazitia jeni moja kutoka katika virusi vya malengelenge. Jeni ile peke yake haina dhara. Lakini ipo dawa iitwayo gansiklovia ambayo ikiingia katika chembe yenye jeni hiyo hugeuka sumu humo humo ndani, na chembe isiyo nayo haidhuriki hivyo. Katika wagonjwa wanane, watano walionekana askari hao wakiushambulia ugonjwa. Watatu walipatwa na mapigo ya mgeni kwa mwenyeji, wakapewa gansiklovia, askari wakafa na mapigo yakatulia.

Lijamu hiyo ilikuwa na kasoro zake. Gansiklovia ndiyo pia dawa ya virusi fulani vinavyowashika sana watu waliotiwa uboho, hata ikawa ukiitumia kwa jambo moja umelivuruga jingine. Tena hufanya kazi kwa chembe zinazogawanyika tu, kwa hivyo huchukua siku kadhaa. Na jeni yenyewe, kwa kuwa ni ya virusi, mwili huweza kuitambua kuwa ni ngeni.

Ndipo mwaka 2011 wenzao wa Houston katika Marekani, katika kundi la Malcolm Brenner, wakatangaza lijamu ya namna ya pili. Hawakutumia jeni ya virusi, bali walichukua amri ya kibinadamu iitwayo kaspasi-9, ambayo kazi yake tangu asili ni kuiamrisha chembe iliyokwisha muda wake ife. Wakaitengeneza ikawa haifanyi lolote mpaka ipewe dawa maalumu inayoviunganisha vipande vyake. Wagonjwa walikuwa watano, wenye umri wa miaka 3 hadi 17. Wanne walipatwa na mapigo. Kila mmoja alipewa dawa ile mara moja tu, na katika muda wa dakika 30 zaidi ya 90 katika 100 ya askari wale waliotiwa jeni walikuwa wamekwisha, na mapigo yakakoma yasirudi. Na waliobaki waliendelea na kazi ya ulinzi. Subhana-llah, mwenye macho na atazame jinsi Muumba alivyoitia chembe moja ndogo amri ya uhai na amri ya mauti pamoja.

TUSEME KWELI YOTE

Haifai kwa mwenye kufundisha kusema nusu inayopendeza. Wagonjwa watano ni watano tu. Dawa iliyotokana na kazi ya Milano ilipewa ruhusa ya masharti katika nchi za Ulaya mwaka 2016 kwa jina la Zalmoxis. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wengi zaidi, haikuonekana kuwazidisha umri wa kuishi bila ya ugonjwa kuliko wasioipewa, na mwaka 2019 ikaondolewa sokoni. Na katika Paris, katika matibabu ya jeni ya namna nyingine yaliyoanza mwaka 1999 kwa watoto waliozaliwa bila askari wa mwili, watoto walipata nafuu kubwa, kisha baadhi yao wakapatwa na saratani ya damu kwa sababu jeni iliyotiwa ilijipachika pasipo pake.

Na jambo la ajabu ni kwamba kinga iliyoenea mno siku hizi dhidi ya mapigo haya si tiba ya jeni. Ni dawa kongwe iitwayo siklofosfamidi, iliyojulikana tangu miaka ya 1950. Watabibu wa Baltimore waligundua kwamba ikitolewa siku ya tatu na ya nne baada ya uboho kutiwa, huwaua askari wale wenye hamaki ya kumpiga mwenyeji, na wengi katika watulivu wakasalimika. Majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2023 yameithibitisha. Kwa njia hiyo hata mzazi au ndugu aliyelingana nusu tu aweza kutoa uboho wake.

Basi baba wa mtoto na ajue: lijamu ya jeni haiuzwi dukani, hupatikana katika majaribio ya hospitali chache tu. Asiingoje hiyo akapoteza wakati. Na akitokea wakala kumwambia kuwa katika nchi fulani iko tiba ya jeni isiyo na madhara, alipe kwanza fedha, amkimbie. Amwulize daktari wake masuala haya: Mtoto atakingwaje na mapigo ya mgeni? Ni dawa gani, na itolewe lini? Akirudi nyumbani, ni dalili gani za ngozi, macho na tumbo zitakazonilazimu kumrudisha siku ile ile? Nani katika mji wetu atamtazama?

HUKUMU YA SHERIA

Sasa twende kwenye dini. Masuala yaliyoulizwa ni manne.

La kwanza: yafaa kutoa uboho? Baraza la Fiqihi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lililokutana Jedda mwaka 1988 liliruhusu kuhamisha kutoka mwili wa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kile kinachojirudia chenyewe, kama vile damu na ngozi, kwa sharti mtoaji awe mwenye akili timamu na hiari yake, na masharti ya sheria yatimizwe. Kuuza viungo wamekataza. Uboho hujirudia, basi waingia katika hukumu hiyo. Na katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, tumefundishwa ukubwa wa kuihuisha nafsi moja. Dada huyu asikatazwe thawabu hiyo.

La pili: je, nasaba itachanganyika? Hapa wazee wana la kusikilizwa. Ni kweli kwamba mgonjwa akitiwa uboho, damu yake huwa ya mtoaji. Aina ya damu yake huweza kubadilika, na damu ya kijana huyu ikipimwa yaweza kuonyesha alama za kike kwa sababu imetoka kwa dada yake. Jambo hili lamshangaza mtu. Lakini nasaba katika sheria haikujengwa juu ya chupa ya damu. Imejengwa juu ya ndoa na kuzaliwa. Na umahramu usio wa nasaba wala wa ndoa huja kwa kunyonyeshwa utotoni, wala hakuna mwanachuoni tumjuaye aliyeilinganisha damu na maziwa. Tena mbegu ya uzazi haibadiliki. Kijana huyu akijaaliwa kupata watoto watakuwa wake, si wa dada yake. Kwa ajili ya madawa makali huenda uzazi wenyewe ukapungua, na hilo aulizwe daktari kabla. Ama nasaba, ipo pale pale.

La tatu: je, huku si kubadili umbile la Mungu? Kubadili kulikokatazwa katika Sura ya An-Nisaa ni kule kwa kumfuata shetani. Kutibu si huko. Sahaba Arfaja bin Asaad alikatwa pua yake katika vita vya Kulab. Akaweka pua ya fedha ikafanya uvundo, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Mwenye kuirudisha chembe ya mwili katika kazi yake njema hakubadili umbile, amelitengeneza. Baraza la Fiqihi la Makka mwaka 1998 liliruhusu kuitumia elimu ya jeni kwa kukinga na kutibu maradhi, maadamu haileti dhara kubwa zaidi, na likakataza kuitumia kwa uovu na uadui na kwa kuchezea umbile la mwanadamu. Jeni walizotiwa askari wale hazirithiwi na watoto; huondoka na chembe zilizotiwa.

La nne, nalo lasemwa kwa sauti ya chini: elimu hii ni ya watu wasio Waislamu, na kumtibu mtoto kwa gharama kubwa namna hii ni kukosa kutawakali. Twajibu: Mtume alipohama kutoka Makka kwenda Madina, kiongozi wa njia aliyemkodi alikuwa Abdallah bin Urayqit, naye hakuwa Mwislamu, bali aliijua njia. Na Umar bin Khattab alipopata habari ya tauni ya Sham akarudi na jeshi lake, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, akajibu kwa maana ya kwamba anaikimbia kadari moja kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Hiyo ndiyo tawakali: kufunga ngamia kwanza. Dua ni silaha ya muumini na Kurani ni shifaa. Asomewe mtoto, aombewe, itolewe sadaka kwa ajili yake. Lakini kuacha dawa ukangoja kombe na kafara ya kuku mweusi si tawakali, ni ujinga uliovishwa kilemba.

NA SISI JE?

Ndugu zetu, jambo hili lisiishie kwa mtoto mmoja. Huku pwani yetu ugonjwa wa selimundu umo katika nyumba nyingi, kwani ni ndugu wa malaria: mwenye nusu yake hupata kinga dhidi ya malaria, na mwenye wote huteseka. Baba na mama wakiwa kila mmoja ana nusu, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuupata wote. Uboho wa ndugu aliyelingana huuponya. Na mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya jeni kwa ugonjwa huu, iitwayo Casgevy, ambayo huzitengeneza chembe mama za mgonjwa mwenyewe. Hapo hakuna mgeni, basi hakuna wa kumpiga mwenyeji. Lakini bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2, yaani zaidi ya shilingi milioni mia mbili za Kenya. Nani katika sisi anazo?

Tusiloliweza kwa fedha tuliweze kwa akili. Twaoana mabinamu, wala si haramu. Lakini kwa nini tusipime damu kabla ya kupeleka posa? Kipimo hicho ni cha bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa mchele wa arusi. Wakikuta wote wawili wana nusu, na waamue wakijua. Pili, tujenge desturi ya kutoa damu, kwani mgonjwa wa uboho hunywa damu za watu wengi kabla ya kupona. Tatu, tuwasomeshe watoto wetu, wa kiume na wa kike. Katika waliobuni lijamu ile ya Milano alikuwamo mwanamke. Mabinti zetu wana vichwa kama chake. Walichokosa ni mtu wa kuwalipia karo badala ya kuwanunulia dhahabu.

Mwisho twamwelekea shemeji yetu, mume wa yule dada. Hatukukutaja jina wala hatutakutaja. Kuogopa kwako kwa ajili ya mkeo ni dalili ya mapenzi, na mke na mume hushauriana, wala hatutaki aende kwa ugomvi. Lakini umeshasikia: mkeo atarudi nyumbani baada ya siku chache akiwa na maumivu ya nyonga, na uboho wake utarudi kama ulivyokuwa. Yule kijana asipotiwa, hana pa kurudi. Nenda naye hospitali, umwulize daktari kwa kinywa chako, usiulize barazani. Kisha umshike mkono mkeo mwenyewe, umpeleke. Thawabu yenu itakuwa moja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye kijana wetu, na awaponye wagonjwa wote wa Kiislamu na wasiokuwa wao. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.